Mwalimu, hicho kichujio kidogo kivunje leo

Swali, kutoka kwa mwalimu wa Fizikia, Pangani, Tanga:

"Shikamoo mzee. Shule yetu imepewa darubini ya kioo ya milimita 114, fokasi yake milimita 900. Ndani ya boksi nimekuta kichujio kidogo cha kioo cheusi kinachoelekea kijani, kinafungwa kwa kuzungushwa chini ya lenzi ya jicho, kimeandikwa SUN. Nataka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili madoa ya jua. Mwenzangu anasema kinatosha, mradi kila mtoto aangalie dakika moja tu. Mama yangu naye anasema wao walitazama kupatwa kwa jua kwenye beseni la maji na hakuna aliyepofuka. Je, nikitumie? Kama hakifai, nitumie nini kwa bajeti ya shule ya kata?"

Marahaba, mwalimu.

Kabla hujaendelea kusoma, kichukue hicho kichujio, kizungushie kitambaa, kiweke sakafuni ukigonge nyundo. Sitanii. Ukikificha kabatini, wewe utahamishwa, atakuja mwalimu mwingine, atalifungua boksi, atasoma SUN, ataamini. Vitu hivi vilifungwa kwenye maboksi ya darubini za bei nafuu kwa miaka mingi na bado vinazunguka duniani pamoja na darubini za msaada na za mtumba.

Shida yake haiko kwenye weusi. Huenda ni cheusi vya kutosha. Shida ni mahali kinapokaa. Mwanga unaingia kwa mdomo wa bomba, unapiga kioo kikubwa kule nyuma, unarudi ukiwa umekusanywa, unageuzwa na kioo kidogo cha mshazari, ndipo unafika kwenye lenzi ya jicho. Kichujio chako kimekaa mwisho wa safari hiyo, pale ambapo mwanga wote umeshabanwa.

Piga hesabu na wanafunzi wako, ni somo zuri kuliko nitakavyoeleza mimi. Jua likiwa juu na anga safi, kila mita ya mraba ya ardhi inapokea karibu wati 1,000. Mdomo wa milimita 114 una eneo la takriban sehemu moja ya mia ya mita ya mraba, kwa hiyo zinaingia wati 10 hivi. Wati 10 ni kidogo zikitandazwa. Lakini darubini yenye fokasi (umbali kutoka kioo kikubwa hadi pale mwanga unapokutana) ya milimita 900 huchora taswira ya jua yenye upana wa milimita 8 tu (gawanya fokasi kwa 107 hivi, utaipata). Wati 10 kwenye duara dogo kuliko kifungo cha shati, na kichujio chako kiko sentimita chache tu kutoka hapo. Sasa linganisha na jicho lenyewe. Mchana mboni hubana hadi milimita 2 hivi. Kioo cha milimita 114 kinakusanya mwanga karibu mara 3,000 ya ule unaopita kwenye mboni hiyo.

Umewahi kumimina chai ya moto kwenye glasi nyembamba ikapasuka mkononi? Upande mmoja unatanuka, mwingine bado baridi, kioo hakivumilii. Kichujio kidogo kinafanyiwa hivyo kila unapokielekeza juani. Leo kitastahimili, kesho pia, kila mara kikipata moto na kupoa, mpaka siku moja. Ndiyo maana hoja ya mwenzako ya dakika moja moja haisaidii, kwa kuwa ufa hausubiri zamu ya mtu.

Najua kwa sababu nilikitumia. Nilipokuwa kijana nilikuwa na darubini ya lenzi ya milimita 60 iliyokuja na kichujio cha aina hiyo hiyo. Nilikuwa nimeiweka uwanjani, watoto wamepanga foleni. Mmoja ametoka, nimeinua kichwa kumwita anayefuata, nikasikia "tak", kama punje ya mahindi inayofumka kwenye sufuria ya bisi. Nikaweka kiganja nyuma ya lenzi ya jicho kuona kuna nini, nikakitoa kama nimeshika kaa la moto. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati. Kati ya yule mtoto aliyetoka na yule aliyekuwa anakuja palikuwa na nafasi ya hatua tatu. Hizo hatua tatu bado naziota.

Na usitegemee kwamba mtoto atapiga kelele akiungua. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Inaungua kimyakimya, na mara nyingi mtu hugundua saa kadhaa baadaye: katikati ya anachokitazama kuna doa, mstari ulionyooka unaonekana umepinda, anasoma neno na herufi za katikati hazipo. Wengine hupona kiasi baada ya miezi, wengine doa linabaki nao.

Basi kinachofaa ni kichujio kinachokaa mbele, kwenye mdomo wa bomba, ili mwanga upunguzwe kabla haujakusanywa. Kikiwa pale kinapokea jua la kawaida, lile lile linaloanika nguo zako, hakipati moto wowote wa ajabu. Kinachoingia ndani ya darubini ni sehemu moja tu kati ya 100,000. Vioo havichemki, lenzi haichemki, na jicho linaona duara tulivu kama mwezi mpevu.

Cha bei nafuu kuliko vyote ni karatasi maalumu ya plastiki, nyembamba, inayong'aa kama kioo pande zote mbili. Inayojulikana zaidi ni AstroSolar ya kampuni ya Baader ya Ujerumani. Ukiagiza, soma namba. Ya kutazamia kwa jicho imeandikwa 5.0. Kuna nyingine imeandikwa 3.8, hiyo ni ya kamera. Inapitisha mwanga karibu mara 16 zaidi, na haifai jicho hata kama muuzaji anakuambia zote ni za jua. Nunua kwa wauzaji wa vifaa vya anga wanaofahamika. Karatasi inayong'aa isiyo na jina, hata ikitiwa giza, inaweza kuwa inapitisha miale ya infraredi usiyoiona.

Hapa niseme habari ya miwani ya kupatwa kwa jua, maana najua kuna shule zina mabaki yake. Ile ni ya macho matupu, yaani ya kutazama jua bila darubini. Mtu akiivaa kisha akachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio mbele, amerudi kwenye kosa lile lile la hicho kioo cha kijani, tena kwa plastiki. Itatoboka papo hapo. Kioo cha mafundi wa kuchomelea, namba 14, nacho ni cha macho matupu tu. Karatasi za eksirei, sidii, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya jua hata ivaliwe mitatu mitatu, hivyo hata kwa macho matupu sivikubali.

Kutengeneza kichujio chenyewe ni kazi ya jioni moja. Karatasi ya ukubwa wa A4 ina sentimita 20 kwa 29. Kata miraba miwili ya sentimita 14 kwa 14. Mmoja wako, wa pili nitakuambia. Chukua karatasi ngumu ya manila au boksi la viatu, kata utepe wenye upana wa sentimita 6 hivi, uzungushe kwenye bomba la darubini mara mbili tatu huku ukipaka gundi, ila usigandishe kwenye bomba lenyewe. Inapokauka unapata kola inayovaa mdomo wa bomba kwa kubana kidogo, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Kata pete mbili za boksi zenye tundu la sentimita 12 katikati. Lalisha karatasi ya kichujio juu ya pete moja, zungushia selotepu ya pande mbili, funika kwa pete ya pili, kisha gandisha kwenye kola.

Usiivute ikakaza kama ngoma. Watu wengi hudhani mikunjo ni kasoro, wakaivuta, wakaharibu taswira. Iache ikae yenyewe, ilegee, iwe na mawimbi, darubini haitajali.

Wala huhitaji kutumia mdomo wote. Kifuniko cha plastiki kilichokuja na darubini yako yumkini kina tundu dogo pembeni lenye kizibo chake, kama sentimita 4 au 5. Wengi hawajui ni la nini. Unaweza kugandisha kipande cha karatasi ya kichujio kwenye tundu hilo, kwa ndani, ukafunga kifuniko kizima kwenye bomba kwa selotepu, nawe una kichujio kigumu kisichopeperuka. Utapoteza uwezo wa kuona vitu vidogo sana. Ukweli ni kwamba hewa ya mchana, na hasa ya uwanja wa shule, mara chache huruhusu kuviona hata ukitumia milimita zote 114. Kwa siku ya kwanza na watoto 40, ningeanza na njia hii.

Kila mara kabla ya kutumia, inua kichujio kuelekea taa yenye nguvu au jua lenyewe, kikiwa mbali na darubini, ukikague. Ukiona kitobo kimoja kidogo kama ncha ya sindano, kizibe kwa nukta ya wino mzito mweusi. Vikiwa vingi, au kuna mchubuko, tupa. Ninyi mko pwani, kuna chumvi na unyevu, kwa hiyo kihifadhi kwenye kopo kavu, kisilale darini pamoja na chaki. Na upepo! Hapo Pangani kaskazi na kusi havijui kwamba una kipindi. Kola yoyote, hata iwe inabana vipi, ipigie selotepu mahali patatu kwenye bomba. Selotepu hiyo ni ya upepo, na ni ya yule mwanafunzi mmoja, kila darasa linaye, atakayetaka kujua kofia hii inatoka vipi.

Sasa jambo linalosahauliwa na watu wenye uzoefu kuliko wageni: kile kidarubini kidogo cha kulengea kilichopandishwa juu ya bomba. Kina lenzi yake, na hakina kichujio. Umefunga mbele vizuri, umeridhika, mtoto anainama, anakosea tundu, anachungulia kile kidogo. Au hachungulii, lakini miale yake inatua kwenye nywele za mtu au kola ya shati mpaka moshi unatoka. Kifungue kabisa ukiache ofisini. Kufunika kwa kifuniko si kubaya, ila vifuniko huanguka.

Utalenga vipi bila hicho? Kwa kivuli. Angalia kivuli cha bomba ardhini, au shika ubao mweupe nyuma yake. Sogeza bomba polepole mpaka kivuli kiwe kifupi kabisa, kiwe duara tu la mdomo wa bomba. Hapo jua liko ndani au karibu sana. Tumia lenzi ya jicho ya milimita 25, inakuza mara 36, duara zima la jua linaenea na nafasi inabaki. Ile ya milimita 10 itakupa mara 90, nzuri kwa kundi moja la madoa ukishawaonyesha duara zima. Kama boksi lina kikuzio cha ziada cha kuzidisha mara tatu, kiache humo humo.

Saa za kufanya kazi hii: kati ya saa 2 na nusu na saa 4 asubuhi. Mapema zaidi jua liko chini na unalitazama kupitia hewa nene. Ikishafika saa 5 ardhi imepata joto, mabati ya madarasa yanachemka, hewa inatetemeka juu yake na ukingo wa jua unacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Saa 6 ndiyo mbaya kabisa kwetu, maana karibu na ikweta jua linapanda mpaka utosini, na vitako vya darubini hizi haviwezi kuelekea juu moja kwa moja bila bomba kugonga miguu yake. Weka darubini kwenye majani, usiiweke kwenye sakafu ya saruji, na usilenge kupitia juu ya paa la bati. Kama kuna mahali jua la asubuhi mnalitazama kupitia juu ya maji, hiyo ni bahati yenu ninyi wa Pangani, hewa ya juu ya maji hutulia zaidi kuliko ya nchi kavu.

Siku yenyewe, funga kichujio darubini ikiwa imeelekea upande mwingine kabisa, kikague, piga selotepu, ndipo ugeuze kuelekea jua. Ukimaliza, geuza kwanza, fungua baadaye. Usiondoke pale hata kidogo. Mkuu wa shule akikuita, mwambie aje yeye, au geuza darubini na ufunike mdomo. Mtu mzima mmoja asimame kwenye bomba na kazi yake iwe hiyo tu. Mwingine apange foleni. Wewe uwe wa kwanza kuchungulia kila baada ya kulenga upya, na utalenga upya mara nyingi: jua linasafiri upana wake wote kwa dakika 2, kwa hiyo kwenye kukuza mara 36 utapata kama wanafunzi watatu au wanne kabla halijatoka upande wa pili. Wenye miwani waachwe wachungulie nayo. Waombe akina mama wa jikoni kanga moja nyeupe, mtoto ajifunike kichwa na lenzi ya jicho pamoja. Mwanga wa pembeni ukizibwa, madoa yanajitokeza mara moja, na tena hawezi kukosea akachungulia mahali pengine.

Watoto wataona nini? Duara jeupe, au lenye ubluu kidogo. Baadhi watasikitika kwamba si la manjano. Waambie rangi hiyo inaletwa na hewa yetu na vichujio vya vioo, jua lenyewe ni jeupe. Ukingo wake una giza kuliko katikati, kwa kuwa pembeni tunaona tabaka za juu zenye joto dogo. Madoa, yakiwepo, yana kiini cheusi na kivuli cha kijivu kukizunguka. Weusi huo ni wa kulinganisha tu. Uso wa jua una nyuzijoto karibu 5,500 za Selsiasi, doa lina kama 3,500 hadi 4,000, na lingetolewa peke yake likaning'inizwa angani usiku, lingeng'aa. Nguvu za sumaku ndizo zinazozuia joto kupanda kutoka chini mahali pale.

Kisha fanya hivi. Mpe kila mtoto achore duara la milimita 109, halafu aweke nukta ya milimita 1. Nukta ni dunia. Wakirudi kwenye darubini, waulize lile doa waliloliona lingemeza nukta ngapi. Nimefanya zoezi hili na watu wazima, wakanyamaza.

Warudie kuchora kila asubuhi kwa wiki mbili. Doa lililotokea ukingo mmoja litafika ukingo wa pili baada ya siku 13 hivi, na hapo wamejigundulia wenyewe kwamba jua linazunguka. Darubini yako inageuza picha juu chini, kwa hiyo weka alama moja: acha darubini bila kuigusa, upande ambao jua linatoka na kupotea nje ya duara la lenzi ndio magharibi. Hiyo waandike kwenye kila mchoro, la sivyo siku ya tatu madoa yataonekana yamerudi nyuma na kutakuwa na ubishi.

Kuna siku hutaona doa hata moja, na hapo usilaumu darubini. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwezi Oktoba 2024, NASA na wenzao wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na angahewa, walitangaza kwamba jua limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wa sasa, ulioanza Desemba 2019. Maana yake ni kwamba tunaelekea kwenye miaka ya uhaba. Kabla hujawatoa watoto darasani, angalia kwenye simu picha ya siku hiyo ya SDO, chombo cha angani cha kuchunguza jua kilichorushwa na NASA mwaka 2010, ujue utegemee nini. Ndimi za moto za pembeni walizoziona vitabuni hazitaonekana kwa kichujio hiki. Hizo zinataka darubini ya haidrojeni-alfa, inayopitisha rangi nyekundu moja tu ya nanomita 656.3, na bei yake sitaitaja mbele ya mhasibu wa shule.

Kama karatasi ya kichujio itachelewa au fedha haipo, kuna njia ya kuangazia taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe bila mtu kuchungulia. Galileo alichora madoa kwa njia hiyo mwaka 1612, na mwenyewe alisema aliyeibuni ni mwanafunzi wake, Benedetto Castelli. (Watoto watakuambia Galileo alipofuka kwa kutazama jua. Alipofuka karibu mwaka 1638, akiwa mzee, zaidi ya miaka 20 baadaye.) Lakini kwa darubini yako siipendi. Mwanga wote unaingia bila kupunguzwa, kioo kidogo cha ndani na lenzi za plastiki vinaweza kuharibika, na kubwa zaidi, pale nyuma pana tundu linalomwaga moto huku watoto 40 wamelizunguka. Njia hiyo ni ya mtu mmoja mwangalifu mwenye darubini ndogo ya lenzi.

Bora boksi refu lenye kitobo. Toboa karatasi ya alumini kwa sindano, ibandike upande mmoja wa boksi, upande wa pili weka karatasi nyeupe, simama ukilipa jua mgongo. Kwa urefu wa mita 2 utapata jua la milimita 19 hivi. Madoa ya kawaida huyaoni, ila kupatwa kwa jua utakuona vizuri sana. Hata boksi si lazima: tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete tu kule Rujewa, Mbarali, waliokuwa nje ya njia ya pete, wakaona kupatwa kwa sehemu tu, wangeweza kulitazama tukio lote ardhini, chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa kitobo, na kila doa la mwanga lilikuwa hilali.

Mama mpe salamu zangu, na beseni lake nalielewa. Kwetu pia tulilitumia. Jua likiwa juu, maji huakisi karibu asilimia 2 ya mwanga. Inaonekana kidogo, lakini kichujio halali kinaacha sehemu moja kati ya 100,000, yaani taswira ya beseni ina ukali wa mara 2,000 zaidi ya inayoruhusiwa, na jua likiwa chini maji huakisi zaidi. Walionusurika waliokolewa na mawimbi madogo na kope zao wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukazia macho. Na aliyepata doa dogo katikati ya jicho moja hasemwi kwamba amepofuka, wala yeye mwenyewe hajui daima lilitoka wapi.

Una muda wa kujiandaa. Tarehe 2 Agosti 2027 mwezi utaliziba jua lote kuanzia kusini mwa Hispania, kupitia Luxor, Jeddah na Makka hadi Somalia. Ndugu zetu walioko Jeddah watapata giza kamili. Ninyi Pangani mtapata sehemu, maana yake kichujio hakitoki kwenye darubini hata sekunde moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha tarehe 13 Novemba 2032 sayari ya Zebaki itakatiza mbele ya jua, mchana kwetu, kinukta cheusi kisichoonekana kwa miwani wala kwa kitobo. Kwa hilo darubini yako yenye kichujio mbele ndiyo itakayohitajika, na hao wa kidato cha pili watakuwa watu wazima.

Ule mraba wa pili wa sentimita 14: mpe mwalimu wa shule ya jirani yenye darubini kama yako, kwa sharti moja. Kabla hujamkabidhi, akuonyeshe boksi lake, na kama kuna kioo kidogo cha kijani, nyundo unayo.